Tairi la Kurudia Nyumbani

Kwetu Masakta, mtu akikuletea mtu wako mpaka mlangoni haondoki bila chai. Hata kama ana haraka. Hata kama ni bodaboda na abiria mwingine anamngoja barabarani. Mama atamwambia "kaa kidogo tu," na ukisikia hivyo ujue sufuria iko jikoni inachemka tayari. Kaka yangu aliendesha bodaboda miaka minne, na nadhani alikunywa chai kwenye kila nyumba kuanzia kwetu hadi Basotu. Kwa wafugaji kule chini walikuwa wanampa maziwa matupu, kibuyu kizima, jioni anarudi anasema hataki kula, tumbo limejaa barabara nzima.

Halafu akaanguka, na hizo chai zikaisha. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Ila hakuwa tena anamleta mtu.

Ilikuwa masika. Alimpakia bibi mmoja wa kwaya, wanatoka kanisani, mvua imeshakatika lakini udongo bado ni ule mweusi unaonata na kuteleza kwa wakati mmoja. Kwenye kalavati la pili kabla ya kwetu tairi la nyuma likaenda pembeni. Kaka alichubuka kiwiko. Bibi alivunjika mguu juu ya goti. Alipona, anatembea na fimbo, kwaya amerudi, na amesema mbele za watu kwamba hana neno na kijana. Kaka alimsikiliza, akamshukuru, akaja nyumbani akaifunika pikipiki kwa magunia mawili matupu ya mahindi. Ikakaa hivyo mwaka na miezi. Yeye akawa anaenda shamba kwa miguu. Sokoni kwa miguu. Ukimwambia twende tukupakie anasema anapenda kutembea. Uongo. Hajawahi kupenda kutembea.

Kuna kitu kimoja kuhusu hiyo ajali sijakisema hapa. Nitakisema mbele kidogo, sina nguvu ya kuanza nacho.

Mimi nimemaliza kidato cha nne mwaka juzi, bado nasubiri chuo, na kusubiri siwezi. Ndiyo maana niko kwa mjomba naziba pancha. Siku moja mwezi wa saba ikasimama pikapu barabarani, nyuma imebeba pikipiki tatu zimefungwa kamba, na tairi moja la mbele limekaa chini. Akashuka mzee mwenye ndevu nyeupe, koti la ngozi, baridi ile ya asubuhi inamtoa moshi mdomoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, binti. Fundi yuko wapi?"

"Fundi ni mimi."

"Namuulizia fundi mwenyewe."

"Fundi mwenyewe amesimama hapa, anapoteza muda."

Mjomba akakohoa kule ndani. Mzee akacheka, akanipa spana yake.

Wakati naziba akaniambia anatoka Arusha. Wana kikundi cha watu wanaopenda pikipiki, wameomba ule uwanja wa zamani kwenye mashamba ya ngano, ule ambao ndege za kunyunyizia dawa zilikuwa zinatua, bado una lami. Jumamosi ya wiki inayofuata wataweka mawe yaliyopakwa chokaa, watachora njia yenye kona, na watu watazunguka siku nzima.

"Mashindano?" nikauliza.

"Hapana. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila mtu anazunguka kwa mwendo wake, anajifunza kulaza pikipiki kwenye kona. Hakuna gari linalokuja mbele, hakuna ng'ombe, hakuna abiria."

Hakuna abiria. Nikaacha kusugua ile tyubu. Nikamwambia habari zote za kaka yangu, bila hata kupumzika, mpaka mjomba akatoka kuangalia kama kuna mtu amefariki.

Mzee alisikiliza. Akauliza pikipiki ni ya aina gani, ringi namba ngapi. Kumi na saba, nikamwambia, kaka alitafuta ya ringi kumi na saba ili isifanane na za wenzake. Akafungua turubai nyuma ya pikapu akatoa tairi nne, jozi mbili. "Zimetumika nusu, zilikuwa za pikipiki zetu ndogo. Chagua jozi moja. Ile nyingine narudi nayo."

Hapa ndipo penyewe.

Jozi ya kwanza haikuwa na kashata, yale meno ya tairi, hata moja. Laini kabisa, nyeusi, kama imepakwa mafuta. Wanaiita sliki. Akanieleza kwamba kwa sababu haina mifereji, mpira wote unakaa chini, inashika lami kuliko kitu chochote. Lakini inataka ipate joto kwanza, na haitaki maji, na hairuhusiwi barabarani. Unaifunga uwanjani, unaifungua uwanjani. Jozi ya pili ilikuwa na mifereji michache, kama mtu amekwaruza kwa kisu akachoka. Nayo ni ya kukimbia uwanjani, mpira wake ni laini vilevile karibu, ila inapata joto haraka, unyevu kidogo inavumilia, na trafiki akikusimamisha hana la kusema.

Niliiminya ile sliki kwa ukucha. Ukucha ukazama. Tairi zetu za bodaboda ukizikwaruza unavunjika wewe.

"Hii," nikasema.

"Usimuulize kaka yako kwanza?"

"Nitamwambia nikifika."

Mzee akaniangalia, akanisogezea zote nne. "Kaa nazo mpaka Jumamosi. Chagueni nyote wawili."

Nilifika nyumbani nimezibeba mabegani kama mtu wa mkaa. Kaka alikuwa anapukuchua maharage uani. Akaitazama ile laini, hakuigusa.

"Hicho ni kipara."

"Siyo kipara! Kipara ni tairi lililoisha. Hili limetengenezwa hivi. Gusa uone, ukucha unaingia."

"Halina kashata."

"Ndiyo uzuri wake."

"Mdogo wangu," akasema, na akaendelea na maharage, "mimi tairi lisilo na kashata nalijua linavyofanya."

Sasa niseme. Lile tairi la nyuma, la siku ile ya kalavati, niliziba mimi pancha yake Jumatano. Lilikuwa limeisha, nyuzi zinakaribia kutoka. Kaka aliniuliza: litafika? Mimi nilikuwa na pikipiki nyingine mbili zinanisubiri, nikamwambia litafika Jumapili, Jumatatu ulete tubadilishe. Likafika Jumapili kweli. Hajawahi kunikumbusha. Mwaka mzima na miezi hajatamka, na mimi kila nikimwona anatoka getini kwa miguu nasikia kama ananikumbusha. Kwa hiyo nilitaka kumpa tairi linaloshika kuliko yote duniani. Hizo hesabu nilizifanya peke yangu, na zilikuwa na maana kichwani kwangu tu.

Alikubali kwenda. Mama ndiye aliyemkubalisha, alimwambia tu, "Nenda ukaangalie, ukichoka urudi." Kuhusu tairi alisema tutaona hukohuko. Lakini Ijumaa alipokuwa shamba nilitoa magunia, nikafunga sliki zote mbili. Nilitumia sabuni ya mche na vyuma viwili vya mjomba, mikono ikachubuka, nikajaza upepo. Zilipokaa nilifurahi kama mjinga.

Halafu nikakumbuka joto. Mzee alisema wenzake wana blanketi za umeme za kuvisha tairi kabla ya kuingia uwanjani. Umeme wa wapi? Nikachukua blanketi la mama, lile zito la mistari, nikaliweka kwenye begi pamoja na mawe manne ya jikoni. Mpango ulikuwa kuyapasha kule kule.

Mama akanifuma. "Hilo blanketi linakwenda wapi?"

"Kwenye tairi, mama."

"Tairi linasikia baridi?"

"Ndiyo."

Akalipapasa lile blanketi. "Na mimi je?"

"Litarudi jioni."

"Haya. Na huyo atakayewaleta na gari mwambieni nitamwekea chai."

Maana tuliondoka na trekta la shamba, pikipiki ikiwa juu ya tela, na kurudi mzee alituahidi pikapu yake. Kwa sliki hakuna njia nyingine.

Kaka aliziona sliki asubuhi, akiwa ameshika kamba ya kufungia. Akafunga kamba. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Tulipofika uwanjani ukungu ulikuwa umekaa chini, mlima Hanang hauonekani hata kidogo, na kumbe kulikuwa na jambo lingine. Wakati wa mavuno ule uwanja ndio wanapoanikia ngano, kwa sababu lami inakausha vizuri. Wenye ngano waliambiwa waondoe kabla ya Jumamosi, na waliondoa kweli, walifagia, wakajaza magunia. Lakini zilibaki punje kwenye nyufa. Ngano haiachwi hivihivi. Basi mama mmoja wa pale jirani, kwa nia njema kabisa, Ijumaa jioni alileta mbuzi wake wote wasafishe uwanja wa wageni.

Mbuzi walisafisha. Na waliacha walichoacha.

Yule mama alikuwapo, na kanga kichwani, anajivunia. "Mmeona? Hakuna hata punje."

Mzee wa Arusha akainama, akaokota kimavi kimoja kikavu, akakizungusha kidoleni. "Mama, ahsante sana. Na hizi tunazifanyaje?"

"Hizo ni mbolea, baba."

Tulifagia saa nzima, wageni na makoti yao ya ngozi, kila mtu na ufagio wa miti. Kaka alifagia kuliko wote. Niliona anachelewesha.

Mawe niliyapasha kwenye mafiga ya yule mama, nikayafunga kwenye blanketi nikalizungushia tairi la nyuma, halafu la mbele. Watu wa Arusha walikuja kupiga picha. Kwa nusu saa nilikuwa mtu maarufu. Mzee aliweka kiganja kwenye mpira akasema, "Imepata kidogo. Lakini lami yenyewe ni baridi, binti, na ina umande. Ukiingia joto lote linaondoka kabla ya kona ya tatu. Hii nyingine ingefaa zaidi asubuhi hii."

"Jua litatoka," nikasema.

"Litatoka. Saa ngapi?"

Sikutaka kusubiri. Kaka alishavaa helmeti, na nilijua akiivua hatavaa tena. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Akaingia. Mzunguko wa kwanza alikwenda kama mtu anayebeba mayai. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu, kwenye kona ya mwisho karibu na pipa kuukuu lililoachwa pale, tairi la nyuma lilipita juu ya umande au punje, sijui mpaka leo, likaenda pembeni. Kidogo tu. Shubiri moja. Hakuanguka, miguu yake ilishika chini, pikipiki ikanyooka yenyewe. Mtu mwingine angecheka. Yeye alizima injini palepale katikati ya njia, akaisukuma mpaka tulipokuwa, akaiegemeza kwenye pipa, akakaa chini kwenye majani.

Mikono aliikalia.

Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kitaalamu kuhusu joto la mpira, yote yakapotea. Nikasema, "Lile tairi la masika nilikwambia litafika. Nilikuwa na haraka."

"Najua."

"Na hili nimelifunga bila kukuuliza."

"Hilo pia najua, niliziona asubuhi." Akang'oa jani, akalitafuna. "Ulidhani nimekasirika na wewe mwaka mzima?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi ndiye nililiona limeisha. Macho ninayo. Nilikuuliza wewe ili useme litafika, niendelee na kazi." Akatema lile jani. "Nikikuangalia unaziba pancha naona aibu. Ndiyo maana sipiti pale kwa mjomba."

Mimi nilidhani hapiti kwa sababu ananichukia. Tumeishi nyumba moja muda wote huo.

Karibu na saa sita ukungu ukafunguka. Ulifunguka wote kwa mara moja, mlima ukatokea mzima, na ndani ya dakika chache lami ikaanza kutoa mvuke, halafu ikakauka ikawa ya kijivu. Wageni wakaanza kwenda kasi kweli. Mzee akatufuata anajipangusa ndevu.

"Sasa," akasema, "sasa ndiyo saa ya sliki. Hii lami sasa hivi inapendeza. Kijana, ukiingia sasa hutaamini."

Nikamwangalia kaka. Nilitaka aseme ndiyo, sitadanganya. Nilitaka nionekane nilichagua sawa.

Kaka akasimama. "Ile jozi nyingine umekuja nayo?"

"Ninayo, niliishusha kwenye tela."

"Nifungie hiyo."

"Lakini sasa kumekauka! Sasa ndiyo sliki inashika!"

"Nimesikia. Itashika hapa." Akaonyesha uwanja. "Halafu jioni tunaifungua, tunapandisha pikipiki kwenye pikapu, na kesho naifunika magunia. Mimi nataka tairi la kurudia nyumbani."

Mzee akaenda kuleta pampu.

Nilibadilisha tairi mbili kwa mkono juani, na kwa mara ya kwanza maishani sikufanya haraka. Nilipangusa ringi. Nilipitisha kidole ndani ya kila tairi kutafuta mwiba. Nilipima upepo mara tatu, kaka akiwa amechuchumaa pembeni ananishikia vyuma. Nilipomaliza akaniuliza, "Litafika?"

Nikazungusha tairi la nyuma duara zima, nikaliangalia lote.

"Litafika."

Alizunguka mchana wote. Alikuwa wa mwisho kwa mwendo, nadhani, hata yule mama wa mbuzi alisema, "Huyu wenu mbona kila mtu anampita?" Alipitwa na kila mtu na hakujali. Ile kona ya pipa mara ya kwanza aliipita wima, miguu nje. Mara ya tano miguu ilikuwa juu. Baadaye nikaona pikipiki inalala kidogo, kisha zaidi kidogo, na bega lake limeshuka kama zamani, wakati anatoka kwa wafugaji na tumbo limejaa maziwa. Niliacha kuhesabu mizunguko. Nilikuwa nakunja blanketi la mama, nalikunjua, nalikunja tena.

Saa kumi walianza kuokota mawe yao. Sliki nilizirudisha kwenye pikapu, nimezifuta vumbi. Mzee akauliza kama tuko tayari kupakia.

Kaka hakuzima injini. Alikuja mpaka nilipo, akaweka mguu chini, akanipa helmeti ya pili aliyoazima kwa mgeni mmoja.

"Panda."

"Na mimi?"

"Wewe si ndiye umesema litafika?"

Mzee akasema atatufuata nyuma kwa mbali mpaka barabara kubwa, aichukue helmeti. Nikajifunga blanketi mgongoni, nikapanda. Njia ya mashambani ni vumbi na kokoto, hizo tairi hazikutengenezwa kwa ajili ya hiyo, aliendesha taratibu kiasi kwamba mbwa mmoja alitusindikiza bila kuchoka. Kwenye barabara kubwa mzee alichukua ile helmeti ya mgeni, akampa kaka mkono, akapiga honi akaenda.

Kalavati la pili liko kwenye mteremko. Nilihisi mgongo wake unakuwa mgumu kabla hatujaliona. Akapunguza, akapunguza, mpaka tukawa karibu tunatembea. Tairi la mbele likagonga ukingo wa zege, la nyuma likagonga, tukawa upande wa pili. Hakusimama. Baada ya hapo akabadilisha gia.

Mama alisikia mlio. Alitoka jikoni na kitambaa cha sufuria mkononi, akaangalia nyuma yetu barabarani, akaangalia tena.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba. Blanketi langu linanuka nini?" Kisha, "Aliyewaleta yuko wapi? Chai yake iko tayari, mwambieni akae kidogo."

Kaka akazima injini. "Ni mimi, mama."

Mama alisimama hivyo na kile kitambaa. Halafu akaingia ndani, na akatoka na kikombe cha wageni, kile cha maua, kimejaa mpaka juu, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyowapa watu wa mbali. Kaka alikunywa akiwa bado amekaa juu ya pikipiki. Mimi niliambiwa nikajimiminie mwenyewe.